Alessandro Volta: Mtoto aliyechelewa kusema, akafungua njia ya viziwi kusikia

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, utalikuta jina la mtu mmoja mara nyingi kuliko unavyodhani. Limeandikwa ubavuni mwa betri ya pikipiki, kwenye chaja ya simu, nyuma ya redio na juu ya betri kubwa inayotunza umeme wa jua. Volti 5, volti 12, volti 240. Wachache hukumbuka kwamba volti ni jina la mtu, Alessandro Volta, mwanasayansi wa Italia aliyefariki dunia mwaka 1827.

Wachache zaidi wanafahamu kwamba mtu huyo aliyeipa dunia betri ya kwanza aliwahi kuupitisha umeme wa betri hiyo masikioni mwake mwenyewe, kisha akaandika alichokisikia. Hakusikia neno wala wimbo. Alisikia kelele.

Kuigeuza kelele ile iwe maneno yanayoeleweka kumewachukua wataalamu zaidi ya karne moja na nusu. Leo wapo viziwi wanaosikia kwa msaada wa umeme, wakiwamo watoto wa Kitanzania. Lakini kazi hiyo haijafika mwisho, hasa pale msikilizaji anapojikuta katikati ya makelele ya soko, ya darasa lililojaa au ya mtaa wenye mashine za kusaga.

Hii ni habari ya maisha ya Volta, na ya kazi aliyoianza bila kujua ingefika wapi.

MTOTO ALIYEDHANIWA BUBU

Volta alizaliwa Februari 18, 1745 katika mji wa Como, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Wakati huo eneo lile la Lombardia lilikuwa chini ya watawala wa Austria. Baba yake, Filippo, alitoka katika ukoo wa kikabaila ambao heshima yake ilikuwa kubwa kuliko mali yake. Mama yake, Maddalena, alitoka katika ukoo wa Inzaghi. Ndugu wa familia hiyo wengi walikuwa watumishi wa kanisa.

Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba hadi alipofikisha umri wa miaka minne, Alessandro alikuwa hajaanza kusema. Wenzake wa rika lake walikuwa wakiita, wakiimba na kuuliza maswali, naye yuko kimya. Jamaa zake wakakata tamaa. Wengine walimdhania bubu, na wengine wakaona kwamba mtoto amepungukiwa na akili.

Katika karne ile hapakuwa na kipimo cha kupima usikivu wa mtoto mdogo. Mtoto asiyesema alihukumiwa kwa macho tu, na mara nyingi hukumu hiyo ilimfuata mpaka uzeeni. Volta alikuwa na bahati. Ulimi wake ulifunguka, na alipofika miaka saba alikuwa amewafikia wenzake na kuanza kuwapita. Inasimuliwa kwamba baba yake alikiri kuwa nyumbani mwao mlikuwa na kito cha thamani, nao hawakukijua.

Baba huyo alifariki dunia Alessandro angali mdogo, na malezi yake yakawa mikononi mwa jamaa wa upande wa baba. Alisomeshwa na mapadri wa shirika la Wajesuti hapo Como. Walimu wake walipouona uwezo wake walitamani awe padri kama wao, ilhali jamaa zake walitaka asome sheria ili aiinue familia. Kijana hakukubaliana na upande wowote. Moyo wake ulikuwa umekwisha kutekwa na jambo lililozungumzwa na wasomi wote wa Ulaya wakati huo, nalo ni umeme.

Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi alikwisha kuanza kuandikiana barua na wataalamu wakubwa wa fani hiyo, akiwamo padri Nollet wa Paris. Hakupitia chuo kikuu. Alijifunza kwa vitabu, kwa barua na kwa mikono yake.

MWALIMU WA PAVIA

Mwaka 1769 alichapisha maandishi yake ya kwanza juu ya umeme. Mwaka 1774 alipewa kazi ya kusimamia shule ya serikali mjini Como, na mwaka uliofuata akatangaza chombo kilichoweza kuzalisha chaji ya umeme tena na tena bila kusuguliwa kila mara. Mtaalamu wa Sweden, Johan Wilcke, alikuwa ametengeneza kitu kinachofanana nacho kabla yake, lakini ni chombo cha Volta kilichoenea Ulaya nzima.

Mwaka 1776, akiwa katika Ziwa Maggiore, alikusanya mapovu yaliyokuwa yakipanda kutoka kwenye tope la kinamasi. Aligundua kwamba hewa iliyomo inawaka. Ndiyo gesi tunayoiita leo methani. Mwaka 1777 alibuni wazo la kulipua bastola iliyojazwa gesi kwa cheche ya umeme iliyopita katika waya mrefu kutoka Como hadi Milan. Waya huo haukutandazwa, lakini wazo la kwamba umeme unaweza kubeba habari kutoka mji mmoja hadi mwingine lilikuwa limekwisha kuzaliwa.

Mwaka 1778 aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, kazi aliyoishika kwa takriban miaka 40. Wanafunzi walifurika kumsikiliza hata ukajengwa ukumbi mpya wa mihadhara ya fizikia, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Alisafiri hadi Paris na London, akafahamiana na wakubwa wa sayansi wa zama zake. Mwaka 1791 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London ilimpokea kuwa mwanachama, na mwaka 1794 ikamtunuku Nishani ya Copley.

Mwaka huo huo wa 1794, akikaribia umri wa miaka 50, alimwoa Teresa Peregrini. Walijaliwa watoto watatu wa kiume.

UGOMVI WA MIGUU YA CHURA

Mwaka 1791, Luigi Galvani, daktari na mwalimu wa Bologna, alitangaza jambo lililowashangaza watu. Alikuwa ameona kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka unapoguswa na metali mbili za aina tofauti zilizounganishwa. Galvani aliamini kwamba umeme huo unatoka ndani ya mnyama mwenyewe.

Kwanza Volta alimsadiki. Kisha akaanza kurudia majaribio yale, na kadiri alivyoyarudia ndivyo shaka ilivyomwingia. Akauliza, itakuwaje kama chura si chanzo cha umeme bali ni kipimo tu, na chanzo chenyewe ni kukutana kwa zile metali mbili? Aliweka kipande cha metali moja juu ya ulimi wake na kipande cha metali nyingine chini yake, akaviunganisha, akaonja ladha ya uchachu. Ulimi wake ulikuwa umechukua nafasi ya mguu wa chura.

Wasomi wa Ulaya waligawanyika makundi mawili, wengine wakawa upande wa Bologna na wengine upande wa Pavia. Leo tunajua kwamba kila mmoja alishika sehemu ya ukweli. Volta alikuwa sahihi kwamba metali mbili na maji ya chumvi vinaweza kutoa umeme bila mnyama. Galvani naye hakukosea kwamba neva na misuli ya viumbe hai hutumia umeme. Bila ukweli huo wa pili, hakuna kiziwi ambaye angeweza kusikia kwa umeme.

Galvani hakuuona mwisho wa ubishi huo. Alikataa kuapa kiapo cha utii kwa serikali mpya iliyowekwa na Wafaransa, akapoteza kazi, akafariki dunia Desemba 4, 1798.

NGUZO YA SARAFU NA CHUMVI

Nyakati zilikuwa za vita. Majeshi ya Ufaransa na ya Austria yalipokezana Lombardia, na mwaka 1799 Waaustria waliporudi Chuo Kikuu cha Pavia kilifungwa. Volta alikuwa kwao Como. Ni huko alikokamilisha kazi iliyolifanya jina lake lisisahaulike.

Alichukua vipande vya mviringo vya fedha na vya zinki, akavipanga kimoja juu ya kingine kama sarafu. Kati ya kila jozi na jozi iliyofuata aliweka kipande cha karatasi ngumu au kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi. Jozi moja ilitoa umeme hafifu mno. Jozi 30 au 40 zilitoa umeme wa kumshtua mtu mikononi, tena umeme usiokatika. Kabla ya hapo wataalamu walijua cheche inayozuka na kuzimika. Sasa, kwa mara ya kwanza, umeme ulitiririka kama maji ya mto.

Betri ya gari, yenye bamba za risasi na tindikali, ni mjukuu wa nguzo ile. Wakazi wa Mpanda hawana haja ya kuelezwa risasi ni nini, kwa kuwa mji wao ulikuzwa na machimbo ya madini hayo, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa ili kuyasafirisha.

Machi 20, 1800, Volta aliandika barua ndefu kwa Kifaransa kwenda kwa Sir Joseph Banks, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Barua hiyo ilisomwa mbele ya wanachama Juni 26 mwaka huo.

SIKIO LILIPOCHEMKA

Wengi huikumbuka barua ile kwa sababu ya betri. Lakini katika kurasa zake Volta alieleza pia jinsi alivyojaribu umeme huo katika milango yake ya fahamu. Alijaribu ngozi, ikachoma. Alijaribu ulimi, ukaonja. Alijaribu macho, yakaona mmweko. Pua haikunusa kitu. Ndipo ikafika zamu ya masikio.

Alitwaa vijiti viwili vya metali vyenye ncha za mviringo, akaviingiza ndani ya masikio yake mawili, akaviunganisha na ncha mbili za nguzo yake. Papo hapo alipata mshtuko kichwani. Muda mfupi baadaye akaanza kusikia sauti ya ajabu, mithili ya uji mzito unaotokota chunguni, ikipasukapasuka bila kukoma muda wote umeme ulipokuwa ukipita.

Hali hiyo haikumpendeza. Alihofia kwamba mshtuko kama ule ungeweza kuudhuru ubongo, kwa hiyo hakulirudia jaribio hilo mara nyingi. Msomaji naye asithubutu kulijaribu, kwa kuwa hofu ya Volta ilikuwa ya haki.

Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuonekana. Mtu alikuwa amesikia sauti ambayo haikuwako hewani. Hakuna kengele iliyogongwa wala kinywa kilichofunguliwa. Umeme ulikuwa umepiga hodi moja kwa moja ndani ya kichwa, na kichwa kikaitika.

Habari hiyo ilipoenea, baadhi ya matabibu wa Ulaya walikimbilia kuwatibu viziwi kwa umeme wa Volta. Matumaini yalikuwa makubwa, nayo matokeo yakawa maumivu na kuvunjika moyo. Walikuwa wamechanganya mambo mawili, sauti na maneno. Umeme ule uliweza kutoa sauti, lakini haukuwa na njia ya kubeba neno hata moja.

HESHIMA, MSIBA NA UZEE

Volta mwenyewe hakuendelea na masikio. Sifa zilimchukua. Mwaka 1801 aliitwa Paris, akaonyesha nguzo yake mbele ya wasomi wa Ufaransa na Napoleon Bonaparte mwenyewe. Alipewa nishani ya dhahabu. Baadaye Napoleon akamfanya seneta, na mwaka 1810 akampa cheo cha ukabaila.

Wakati huo wengine walikuwa wakivuna alichokipanda. Mwaka 1800 ule ule, William Nicholson na Anthony Carlisle wa Uingereza waliyatenganisha maji kwa umeme wa nguzo ya Volta. Mwaka 1807 Humphry Davy aliutumia kupata metali mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiwa peke yake, sodiamu na potasiamu.

Mwaka 1814 alipatwa na msiba mzito. Mwanawe Flaminio, kijana aliyetarajiwa kufuata nyayo za baba yake, alifariki dunia. Walioandika habari zake wanasema hakurudi tena kuwa yule wa zamani.

Napoleon alipoanguka, Waaustria walirejea, nao pia wakamheshimu Volta kwa kumpa uongozi wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Padua mwaka 1815. Mwaka 1819 alistaafu akarudi kijijini Camnago, karibu na Como. Huko aliishi kwa utulivu na familia yake, na alifariki dunia Machi 5, 1827, akiwa na umri wa miaka 82.

Siku 21 baadaye, Machi 26, mjini Vienna, alifariki dunia mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven, kiziwi mashuhuri kuliko wote wa zama hizo. Beethoven alianza kupoteza usikivu akiwa kijana. Dalili zake za mwanzo ni zile zile wanazozieleza wagonjwa wengi leo: alisikia kwamba mtu anasema, lakini hakuyashika maneno. Wawili hao waliishi zama moja, mmoja akiwa na ugonjwa na mwingine akiwa ameugusa mlango wa tiba, bila yeyote kati yao kujua.

TUZO ILIYOWAFIKIA VIZIWI

Mwaka 1852 mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, alianzisha tuzo kwa jina la Volta ili kuwatunuku wagunduzi wa mambo ya umeme. Mwaka 1880 tuzo hiyo, yenye thamani ya faranga 50,000, ilikwenda kwa Alexander Graham Bell, mgunduzi wa simu.

Bell alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na uziwi na mkewe, Mabel, alipoteza usikivu utotoni. Fedha za tuzo alizitumia kuanzisha maabara mjini Washington, na mwaka 1887 akaanzisha hapo taasisi ya kukusanya na kueneza maarifa juu ya uziwi, akaiita kwa jina la Volta. Kwa njia hiyo jina la Volta likarudi kwenye sikio. Ni haki kuongeza kwamba viziwi wengi bado wanamlaumu Bell kwa kuipinga lugha ya alama mashuleni.

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris ulikubali jina la volti kuwa kipimo. Tangu hapo Volta amekuwa akitajwa kila siku na mafundi wa dunia nzima.

KUTOKA KELELE HADI MANENO

Jaribio la Volta lilipata warithi wa kweli Februari 25, 1957. Siku hiyo mjini Paris, André Djourno na daktari wa upasuaji Charles Eyriès waliweka waya wa umeme karibu na neva ya kusikia ya mtu aliyekuwa kiziwi kabisa. Mtu huyo alisikia mdundo wa sauti na akaweza kutofautisha maneno machache, lakini hakuweza kufuata mazungumzo.

Mwaka 1961, mjini Los Angeles, daktari William House alianza kupandikiza vifaa vya namna hiyo. Mwaka 1978, mjini Melbourne, Profesa Graeme Clark na wenzake walipandikiza kifaa chenye njia nyingi za umeme badala ya moja. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake wa Marekani walitangaza mbinu ya kupeleka mapigo ya umeme kwa zamu katika njia hizo ili yasichanganyikane. Hapo ndipo watu wengi waliopandikizwa walipoanza kuelewa maneno bila kulazimika kutazama midomo ya msemaji.

Kifaa cha leo kina sehemu mbili. Sehemu ya nje hukaa nyuma ya sikio, ikiwa na kipaza sauti kidogo, kompyuta ndogo na betri. Sehemu ya ndani huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi, na uzi wake mwembamba huingizwa ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono. Uzi huo huwa na vituo 12 hadi 22 vya kutolea umeme. Sauti nene hupelekwa kwenye vituo vya ndani kabisa, na sauti nyembamba kwenye vile vilivyo karibu na mlango wa konokono.

Sasa linganisha. Sikio zima lina seli za kusikia zipatazo 15,000. Kifaa kina vituo visivyozidi 22. Tena umeme ukitoka katika kituo kimoja hausimami hapo, bali husambaa katika majimaji ya sikio kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ukawafikia majirani.

Je, mtu anawezaje kuelewa kwa vituo vichache namna hiyo? Jibu ni kwamba ubongo una uwezo mkubwa wa kujaza mapengo, mradi kuwe kimya. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake walionyesha kwamba watu wenye masikio mazima waliweza kuelewa sentensi hata pale sauti ilipogawanywa katika njia nne tu. Lakini penye kelele, njia nne hazitoshi hata kidogo.

KELELE, ADUI ASIYEKUFA

Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Colin Cherry, alichunguza jinsi mtu anavyoweza kumsikiliza msemaji mmoja katika tafrija iliyojaa wasemaji. Mwenye masikio mazima hutumia mambo kadhaa. Masikio mawili humwambia sauti inatoka upande gani. Unene na wembamba wa sauti humsaidia kuitenga sauti ya mama na ya jirani. Kelele inapopungua kwa nukta moja, hudaka silabi iliyopita katikati.

Anayesikia kwa kifaa hupoteza sehemu kubwa ya misaada hiyo. Mara nyingi ana kifaa upande mmoja tu, hivyo hajui sauti imetoka wapi. Unene na wembamba wa sauti humfikia kwa shida. Kipaza sauti chake hakichagui, hubeba sauti ya mwalimu pamoja na ya pikipiki inayopita dirishani. Vyote huingia katika vituo vile vile vichache, vikachanganyika, na mwishowe anasikia kitu kisicho mbali sana na ule uji wa Volta unaotokota.

Wataalamu hawajalala. Vipo vipaza sauti vinavyolenga upande wa mbele, zipo programu za kupunguza kelele, na katika nchi zenye uwezo watoto wengi hupandikizwa masikio yote mawili. Msaada mkubwa zaidi darasani ni kipaza sauti ambacho mwalimu hukivaa kifuani, kikapeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto bila kupita katikati ya kelele.

KUTOKA MUHIMBILI HADI MAJENGO

Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa hivi. Kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hususan India. Ilikuwa hatua kubwa, na wazazi waliokuwa wameambiwa hakuna njia waliona njia.

Lakini siku ya upasuaji si siku ya kusikia. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, kisha hurekebishwa mara nyingi kadiri mtoto anavyokizoea. Hufuata miezi na miaka ya mazoezi ya kusikiliza na kusema. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila safari ina nauli yake. Betri nazo huisha. Mtoto ambaye betri ya kifaa chake imekufa haoni tofauti na siku alizokuwa hana kifaa. Katika mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli, hilo si jambo dogo.

Umri nao hausubiri. Ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo, na kila mwaka unaopita katika ukimya hupunguza faida ya kifaa. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au ambaye hageuki anapoitwa, anapaswa kupimwa usikivu mapema. Asisubiriwe afikishe miaka minne huku jamaa wakibishana kama ni bubu au ni mtundu.

Wala kifaa si njia pekee. Wapo ambao hakitawafaa, na wapo wasioweza kukipata. Lugha ya alama ni lugha kamili, na ukifuata reli kutoka Mpanda utafika Tabora, palipo na shule ya viziwi iliyoanzishwa mwaka 1963. Mtoto asiyepewa lugha yoyote ndiye aliyenyimwa.

Kwa yule aliyepata kifaa, nusu ya tiba iko mikononi mwa walio karibu naye. Azimwe redio kabla ya kuzungumza naye. Aketi mbele darasani, mbali na dirisha la barabarani. Mwalimu asiseme huku ameuelekea ubao. Nyumbani aseme mmoja mmoja, naye auone uso wa msemaji. Akiuliza mara ya pili, ajibiwe bila hasira, kwa kuwa hajapuuza, bali kelele imemnyang'anya neno.

Methali hutufunza kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwa mtoto anayesikia kwa umeme methali hiyo haina kweli, kwani kelele humzuia kabisa. Volta aliitegua siri ya chura, akalisikia sikio lake likitokota, na warithi wake wakaipeleka sauti hadi ndani ya konokono. Kupunguza kelele sebuleni, darasani na dukani hakuhitaji mwanasayansi wala volti hata moja.